Siku Shemeji Alipoifuata Bia Mwenyewe

Jumamosi, Februari 1998. Champlin, huku Marekani. Baridi ya kukata masikio, na jua linawaka kama vile halihusiki.

Leo nimecheka mpaka mbavu zinauma, na bado nacheka huku naandika.

Tulikuwa na sherehe ya mchana hapa kwetu, kumpongeza kaka wa mume wangu, Shemeji Elia, kwa kumaliza shahada ya pili. Watanzania tukajazana besimenti, chumba cha chini ya nyumba. Pilau lipo, nyama inachomwa gereji, na bia, kama kila msimu wa baridi, tumezizika kwenye theluji uani. Friji ya nini, na Mungu ametupa hii?

Wa kuzifuata ni watoto. Ndivyo tulivyolelewa: mkubwa hanyanyuki, mtoto hutumwa. Analeta, anafungua, anakabidhi kwa mikono miwili.

Sasa niungame. Wiki mbili zilizopita shule ya binti yangu Rehema iliita wazazi na majirani, tupange pamoja jinsi ya kuwaepusha watoto na pombe na bangi. Tukapewa karatasi ya ahadi, mzazi na mtoto wote wasaini: nyumbani kwetu mtoto hatagusa pombe, hata kuibeba. Mimi nilisaini mbiombio, nawahi shifti hospitalini. Nilidhani inawahusu Wamarekani.

Rehema, miaka kumi na mitano, yeye aliisoma.

Leo Shemeji kamwita: "Rehema mwanangu, hebu kaniletee moja ya baridi." Mtoto huyu siku zote ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Leo kapiga goti kidogo, kwa Kiswahili safi: "Samahani baba mkubwa, naomba usinitume bia. Mimi na mama tulisaini shuleni."

Macho yote kwangu.

Ulimi ulishaanza kusema "nenda tu, mama, leo ni sherehe". Niliogopa watu wa mume wangu waseme nimelea mtoto asiye na adabu. Lakini nikaona ananitazama mimi, hamtazami baba yake mkubwa.

"Ni kweli, Shemeji, tulisaini," nikasema. "Koti lako liko mlangoni."

Loh! Mzee mzima akavaa koti, kofia, glavu, mabuti, akatoka. Akarudi na chupa moja, theluji mpaka magotini, masharubu yameganda. "Jamani! Kumbe huku ndiko tulikokuwa tunawatuma watoto?" Besimenti nzima ikaangua kicheko. Wengine wakatazamana, wakaomba chai. Sijawahi kuchemsha chai nyingi namna ile.

Jioni tunaosha vyombo, Rehema akaniambia taratibu kwamba Krismasi, kila chupa aliyotumwa, alikuwa anaionja kwanza huko nje. Na alishaanza kuipenda. Ndiyo maana alisaini.

Sahani ilinitoka mkononi. Sikumgombeza. Nilimkumbatia hivyo hivyo na mapovu ya sabuni, tukalia, kisha tukacheka kwa sababu nimemlowesha nywele alizosukwa jana.

Nimefurahi, nasema kweli. Kikao kijacho cha shule nitakwenda na Shemeji, na safari hii nitasoma kabla ya kusaini.

Hivi mimi, kwa umri wake, ningethubutu kumwambia mama yangu?