Karatasi za Mwalimu Yunis

Mikumi, 3 Mei 1976

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mguu wako unaendeleaje? Mimi mwili mzima, moyo ndio hautulii.

Nimepangiwa Darasa la Saba kwa ajili ya Agnesi, msichana asiyeona kutoka Vidunda. Mwalimu Kornelio anafundisha hesabu. Mimi nakaa nyuma na kumtobolea Agnesi somo kwenye karatasi nene, alisome kwa vidole. Basi Kornelio kanuna. Siku hizi anaandika ubaoni kimya, hatamki hata namba. Leo kanipita mlangoni bila salamu.

Mwalimu Mkuu kasema Agnesi akishindwa jaribio la tarehe 21, anarudishwa kwao. Nifanyeje?

Mwanao,
Yunis

Berega, 10 Mei 1976

Mwanangu Yunis,

Marahaba. Mguu unauma, ila shambani nafika.

Kosa ni lako. Miaka yangu yote ya ualimu, aliyekaa nyuma akiandika alikuwa mkaguzi, nami chaki ilinidondoka. Huyo bwana anasikia unatoboa kila afunguapo mdomo, na kusoma unachotoboa hawezi. Mkuki kwa nguruwe, mwanangu! Mpelekee karatasi zote, Agnesi amsomee. Usijieleze sana.

Baba yako,
Hezekia

Mikumi, 22 Mei 1976

Baba,

Shikamoo. Pole na mguu, na unisamehe kuchelewa.

Jumatatu nilimpelekea Kornelio karatasi. Akasema, “Haya, tusikie umeniripotije.” Agnesi akapitisha vidole, akasoma somo lote, hata Kornelio alivyomkaripia mwanafunzi Vitalis kwa kuchelewa. Kufika kwenye hesabu moja, akainua vidole.

“Soma,” Kornelio akasema.

“Mwalimu amepata kumi na nne. Jibu ni kumi na sita.”

Nikajua tumekwisha. Kornelio akanigeukia. “Kwa hiyo wenzake thelathini na tisa wamebaki na kosa langu, na wewe ukanyamaza?”

Niliona aibu, baba. Nilijihesabu mwalimu wa mtoto mmoja tu.

Kesho yake alisahihisha mbele ya darasa, akaniita ubaoni. “Nikikosea, sema.” Tangu hapo tunafundisha wawili, naye kila anachoandika anakitamka.

Jana Agnesi alifaulu jaribio kwa tofauti ya alama moja. Mwalimu Mkuu akasema hiyo ni bahati tu, aende kwao. Nilianza kulia palepale ofisini. Kornelio ndiye aliyesimama.

“Mzee, huyu akiondoka, Mwalimu Yunis naye atahamishwa. Mimi atanikosoa nani?”

Agnesi anabaki.

Mwanao,
Yunis