Kapu la Shemeji

Jumamosi, 1 Juni

Sokoni tena. Vitunguu, nyanya, dagaa, sabuni ya mche, mafuta ya kupima, unga. Fungu la nyanya bei ni ileile ila nyanya zimepungua. Muuzaji amepanga kubwa mbele na zilizobonyea nyuma, kama mimi sina macho.

Mke wangu Leokadia alikuwa anawekewa nyongeza kila alikopita. Nyanya moja, kitunguu kimoja, dagaa kiganja. Mimi naambiwa, "Maisha magumu, baba." Wanajua mwanaume haombi nyongeza. Na kweli siombi, naona haya. Tangu nimzike mwezi wa pili nyongeza zote zimekatika, na kwa hilo hakuna aliyenipa pole.

Leokadia alikuwa anaanza kwa kuuliza hali za watoto wa muuzaji, kwa majina. Bei ilikuja mwisho. Nilidhani anapenda maneno tu.

Watu wanaingiza mahindi majumbani mwao. Shamba letu halikulimwa, Leokadia aliugua tangu mvua za kwanza. Kununua unga mwezi wa Juni, hapa Ufipa. Nimepita njia ya nyuma na mfuko begani nisikutane na mtu. Nimekutana na watatu.

Jumatano, 5 Juni

Baridi kali. Vidole havishiki sindano vizuri. Kazi ya leo: viraka vya sare za shule na zipu moja. Fundi Gaspa, tunayeshona naye kibarazani Kizwite, kaniona na kifurushi cha mboga chini ya cherehani. "Oa haraka, Baba Yusta, kabla hujajua bei ya bilinganya."

Nilicheka. Kisha nilikasirika njia nzima hadi nyumbani Malangali.

Bei ya bilinganya naijua.

Jumamosi, 8 Juni

Shemeji Feliciana amekuja kutoka Mollo. Dada mkubwa wa Leokadia. Ana mashine ya kusaga, anauza nafaka, ana ng'ombe wa maziwa. Kaja na bodaboda, na kapu kubwa limefungwa nyuma kwa mpira. Hakuingia ndani. Alilifungua kapu pale uani, Mama Pendo wa jirani akiwa anaanika nguo.

Mchele. Sukari. Mafuta ya alizeti chupa nzima. Majani ya chai. Karanga. Watoto wakapiga magoti, "Shikamoo mama mkubwa," macho yako kwenye kapu.

Alikunywa chai, ya kwake. Akamkalisha Imma, kitindamimba wetu, mapajani, akamshika mkono na kuuzungusha kama anakagua kuku. Akasema, "Yusta ameshakuwa msichana, atajipikia. Deo ni wa kiume, mtazoeana. Huyu mdogo nitakaa naye mimi. Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili nakuja kumchukua. Mfulie nguo zake."

Hakuuliza. Alisema kama anavyomwambia kijana wake wa mashine afunge mlango.

Nikasema, "Asante, shemeji."

Asante ya kapu. Yeye kaichukua ya yote mawili. Nimezoea kutowabishia wakwe. Tangu nilipopeleka posa nimekuwa mtu wa kuinamisha kichwa kwao, na wamezoea kukiona kimeinama.

Imma ana miaka minne.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya misa tumepika wali, na mchicha wa karanga. Deo kala sahani mbili. Kauliza kama mama mkubwa atakuja na kesho. Yusta kakoroga chai ya sukari ya kutosha, jambo ambalo hatujalifanya muda mrefu. Imma kalala na kijiko mkononi.

Nilikuwa natafuna, ghafla nikaona kwamba tunamla mtoto. Kila kijiko ni kipande cha Imma. Sikumaliza sahani yangu. Deo akaimaliza.

Jumanne, 11 Juni

Habari imeenea. Mwenyekiti wa jumuiya alipita kibarazani kunipongeza. Kasema shemeji ana moyo, na kwamba mwanaume peke yake na mtoto wa kike mdogo ni mtihani. Mama Pendo jioni: "Mshukuru Mungu, Baba Yusta, mzigo umepungua."

Mzigo. Mzigo ni gunia. Mtoto wangu wanamwita mzigo mbele yangu na mimi naitikia, "Ndiyo, mama."

Wangekuwa wanamwambia mwanamke hivyo? Mama Pendo mwenyewe aliachwa na watoto watano, na sikusikia mtu akija na kapu kuchagua mmoja.

Nimejaribu kufikiri kwa haki. Kule Mollo atakunywa maziwa kila asubuhi. Atavaa sweta jipya. Hapa anakunywa uji, na sweta ni la Deo, nimelipunguza mikono. Hayo ni kweli. Lakini hajalala na njaa. Hata wiki ile ya mazishi hakulala na njaa.

Alizaliwa wakati wa baridi kama hii. Leokadia alimfunga kwenye koti langu la suti ya harusi kwa sababu lilikuwa na bitana nene, akasema hatimaye limepata kazi. Koti bado lina alama ya maziwa begani. Sijalifua.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeamua. Kapu linarudi.

Nilitaka kulirudisha hivyo hivyo na maneno makali. Nikalifunua. Mchele umepungua zaidi ya nusu. Sukari imebaki chini. Mafuta yamefika kwenye karatasi ya chupa. Karanga hakuna.

Nikirudisha mabaki atasema, mmeshakula, mnarudisha nini? Na atakuwa sawa. Kwetu hata bakuli la jirani halirudi tupu, sembuse kapu lililokuja hivi. Litarudi limejaa kama lilivyokuja. Ndipo nitaweza kufungua mdomo.

Hela ya kununulia uzi na bitana ndiyo iliyopo. Itatumika hiyo.

Inaniudhi. Nitanunua mchele ambao watoto wangu hawataula, ili nipewe ruhusa ya kukaa na mtoto wangu. Ukimweleza mtu hivyo atakuona mwendawazimu. Sijamweleza mtu.

Jumamosi, 15 Juni

Sokoni asubuhi, kabla ya watu. Sukari nimepata kwa bei ya dukani, haibishaniwi. Majani ya chai yale yale ya pakiti ya kijani. Mafuta ya alizeti nimepimiwa kwenye chupa ileile ya shemeji, hadi shingoni.

Mchele ndio ulionitoa jasho. Kijana anauza mchele wa bondeni kwa sado, lile kopo kubwa la kupimia. Akachota haraka, akamimina haraka. Nikamwomba nilione kopo. Akasita. Nikalichukua mwenyewe, nikaingiza ngumi. Kitako kimegongwa kimeingia ndani kama kofia iliyokaliwa.

"Kijana, hili kopo limepatwa na nini?"

"Lilianguka tu, mzee."

"Likaangukia ndani?"

Wanawake wa kwenye dagaa wakacheka. Kijana akaniinamia, "Mshikaji wangu, usinichafulie biashara asubuhi yote hii."

Nikamwambia mimi si mshikaji wake. Nikasema ni miezi sasa napimiwa na makopo kama hilo, nakwenda nyumbani, chakula hakitoshi, najiuliza kama ni mimi nisiyejua kupanga. Nikasema nina watoto watatu wanaokula upungufu wake. Sauti yangu niliisikia mwenyewe, ilikuwa juu. Sijawahi kupaza sauti hadharani, hata msibani sikulia kwa sauti.

Mama mmoja wa dagaa akanyanyuka na kopo lake. "Mpimie na hili, wewe. Baba wa watu leo kaja na kichwa chake."

Akapima. Kopo la yule mama lilimeza mchele mwingi kuliko la kijana. Niliona kwa macho yangu nilichokuwa naibiwa.

"Na nyongeza," nikasema.

Akaweka. Nikafunga mfuko. Yule mama wa dagaa kaniuliza, "Wewe si mume wa marehemu Mama Yusta?" Nikasema ndimi. Akasema alikuwa mtani wake sana, na kwamba alidhani tumehama. Nikanunua karanga, nikaondoka.

Jumatano, 19 Juni

Ugali wa dona na mboga ya chainizi, siku ya nne. Chai ya rangi, bila sukari. Kapu lipo juu ya kabati, limefunikwa kanga, na kila mtu anajua kilichomo.

Deo kanuna. Anasema ninawanyima. Yusta ndiye aliyeuliza kwa adabu: "Baba, mbona tunanunua vitu halafu hatuli?" Nikamweleza. Ana miaka kumi na mitatu, nilidhani atalia. Badala yake akamwita Deo nje. Sijui alimwambia nini. Deo hajanung'unika tena, ila hanitazami.

Mchana nimerudi kuchukua mkasi, nikamkuta Imma amepanda kiti. Kidole kwenye sukari. Nilimfokea. Nilimfokea vibaya, kwa sauti ile ile ya sokoni. Akashuka, akaingia uvunguni, akakataa kutoka.

Mtoto nimemfokea kwa sukari niliyoinunua ili abaki. Nilikaa sakafuni karibu na kitanda hadi alipotoka. Kazi ya mteja imelala.

Nina hasira na shemeji. Nina hasira na Leokadia pia, kwa kufa. Nimeandika hivyo na sifuti.

Jumamosi, 22 Juni

Shemeji amekuja kabla ya saa nne. Bodaboda imemsubiri nje. Alikuwa na sweta jipya la kitoto mkononi, jekundu.

Nilimkaribisha. Nikamwekea kapu mbele yake, nikatoa kanga. Nikasema nilichokuwa nimekirudia tangu Alhamisi ile: "Shemeji, nashukuru. Kapu lako hili. Imma anabaki hapa, kwao."

Akaingiza mkono kwenye mchele, akauchota, akautazama kiganjani.

"Huu si mchele wangu. Wangu ulichambuliwa."

"Wako tuliula, shemeji. Huu nimenunua mimi."

"Kwa hela ipi?"

"Yangu."

Hapo akakasirika. Akageukia Kifipa, kama kawaida yake akichukia. Kwamba namrudishia chakula kama mtu baki. Kwamba nimemdhalilisha. Kwamba mwanaume mwenye cherehani moja hamlei mtoto wa kike kwa kiburi. Nikamsikiliza hadi mwisho. Kichwa sikukiinamisha. Nikamwambia kwamba aje wakati wowote amwone, alale hapa akitaka, na likizo nitawapeleka wote watatu Mollo wamsalimie bibi yao, mama wa kina Leokadia. Lakini kuchukuliwa, hapana. Nikarudia, hapana.

Akakaa kwenye kigoda. Nilijiandaa kwa maneno mengine. Akasema kwa Kiswahili, polepole, akimtazama Imma mlangoni: "Anatembea kama yeye. Umeona? Anatupa mguu wa kushoto."

Sikuwa nimeona. Nimekaa na mtoto huyo miaka minne na sikuwa nimeona.

Nikasema, "Najua unamtafuta mdogo wako, shemeji. Mimi pia namtafuta." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. Dakika ile nilimhurumia kweli. Lakini sikubadilisha.

Aliondoka na kapu lake. Nilimsaidia kulifunga. Kwa kwaheri alisema tu, "Tutaona." Watoto walimpungia, hakugeuka. Sweta jekundu aliliacha kwenye kigoda. Sijui kama alisahau. Mama Pendo alikuwa uani, nguo zake zimekauka zamani.

Yusta aliuliza kama mama mkubwa hatatupenda tena. Nilimwambia sijui. Ndiyo kweli, sijui.

Jumapili, 23 Juni

Misa ya kwanza. Baridi, ukungu hadi saa tatu. Imma kavaa jekundu, limempwaya mabegani. Nitaliingiza kidogo pembeni, kisha nitalifungua akikua.

Nimenunua dagaa kidogo kwa yule mama wa sokoni. Nilimuuliza majina ya watoto wake. Mmoja anaitwa Deo, kama wetu.

Mchana Yusta kasonga ugali, mimi nimekaanga dagaa kwa nyanya. Deo kasogeza kigoda karibu nami bila kuambiwa. Imma kamaliza fungu lake, akakwangua sahani, akaniangalia.

"Baba, bado."

Kulikuwa na kidogo kwenye sufuria. Nikampa.