Kwa Mwalimu Ndolo: Ndengu za Shamba la Chini

Ni mwaka mmoja sasa, Baba Mbithe, na kipande chako cha chaki bado kiko kwa dirisha la jikoni, pale ulipokiweka asubuhi ile tuliyokupeleka hospitali. Sijakitoa. Nikipanguza vumbi nakiinua, napanguza, nakirudisha.

Ulifundisha hesabu miaka ishirini na sita, kwanza Migwani, kisha upande wa Tawa, na kila shati lako lilikuwa na mfuko mweupe ambao sabuni ilishindwa nao. Hukumcheka mtoto aliyekosa. Ulimwambia, "Umekosea vizuri. Sasa tuone umekosea wapi." Watu wazima wenye watoto wao walikuja mazishini wakaniambia hayo ndiyo maneno wamebaki nayo.

Mimi niliishia darasa la saba, lakini maswali ya darasani uliyajaribu kwangu pia, jioni. Wewe ukila, mimi nikichambua ndengu kwa uteo.

"Mama Mbithe, mbegu ni mia. Wiki ya kwanza dumuzi amekula asilimia ishirini. Wiki ya pili amerudi, amekula tena asilimia ishirini ya alizokuta. Zimebaki ngapi?"

"Sitini na nne."

"Kidato cha pili chote kimesema sitini!"

"Kwani dumuzi wao anarudi kula zile alimaliza wiki jana? Amekuta themanini. Kwa kila kumi ametoa mbili. Si hizo ni kumi na sita?"

Ulicheka mpaka mahindi ya muthokoi yakakupalia. Kesho yake ukaenda kuwaambia kwamba mke wako amewashinda, na tangu hapo wasichana wa shule wakinikuta sokoni waliniita Mama Sitini na Nne.

Jioni nyingine ulichota ndengu kumi na mbili ukazipanga mistari mitatu, nne nne. Ukaongeza moja. Nikajaribu mistari miwili, mitatu, minne, na kila mara moja ilibaki nje. Nikasema, "Hii inakataa." Ukaniambia namba zinazokataa ni nyingi, na haziishi hata mtu ahesabu mpaka azeeke. Nikakuuliza, umejuaje na hujafika huko mwisho? Ukaweka kikombe chini. "Hilo ndilo swali! Nitakuonyesha tukipata nafasi."

Hatukupata nafasi. Swali bado ninalo.

Kila Oktoba kabla ya mvua ulifundisha asilimia kwa gunia lililoloweshwa. Kila mtoto alitoka kwao na mbegu mia, mkazifunga, na siku ya tano mkahesabu zilizoota. Zikiwa tisini, ni asilimia tisini, na mama yake apande bila wasiwasi.

Mwaka jana ulitenga mbegu ya shamba la chini, ukaichanganya na jivu, ukaifunga kwa jerikeni. Kisha ukaugua. Mvua ilikuja tukiwa kando ya kitanda chako, na shamba likalala. Mwaka huu nikasema nitapanda hiyo hiyo yako. Mtoto wetu Kaloki hakutaka kusikia.

"Mwaitu, hiyo imezeeka. Ikikosa kuota, hakuna mvua ingine ya kupanda tena. Utakula kumbukumbu ya Baba?"

Maneno yalinichoma, lakini hakuwa amekosea. Mvua ya hapa kwetu Kathonzweni haimngojei mtu, na shamba kulala mara mbili si mchezo. Basi nikahesabu mbegu mia, nikalowesha gunia, nikafunga vile ulivyokuwa ukifunga.

Siku ya tano niliomba kwanza. Ulizoea kunitania, "Omba, lakini uhesabu pia," nami nikikujibu, "Hesabu, lakini uombe pia." Nikafanya yote mawili. Zilizoota zilikuwa sitini na moja. Nikazipanga kwa uteo kila namna. Zikakataa.

"Sitini na moja!" Kaloki akasema. "Si nilikuambia? Karibu nusu ni za kutupa."

Nikakaa chini, nikamkumbuka yule dumuzi. Mashimo mia, mbegu moja moja, thelathini na tisa yatabaki tupu. Nikiongeza mbegu ya pili, itakosa tu ndani ya hayo thelathini na tisa, kama kumi na tano hivi. Ya tatu itakosa ndani ya hayo kumi na tano. Mbithe akapiga hesabu hiyo kwa simu yake.

"Tano pointi tisa, Mwaitu. Sema mashimo sita."

Kaloki akaangalia ile simu, akaniangalia mimi, akaenda kuchukua jembe. "Tatu tatu basi. Lakini mstari ukipinda, ni wako."

Mbegu ilitosha shamba, ikabaki ya kujaza kiganja. Mvua ilitukuta kanisani Jumapili. Mabati yalipiga kelele mpaka mhubiri hakusikika, na hakuna aliyelalamika.

Leo asubuhi nimeshuka shamba la chini, Baba Mbithe. Ndengu zako zimetoka. Nimetembea na mstari wa kwanza nikihesabu mashimo mia, na yaliyo tupu ni saba. Hesabu yangu ilisema sita. Nimeinama kuona kama ni kwale amechimbua, ama ni hesabu yenyewe. Sijajua. Nimejaribu hata kuipanga hiyo saba, nayo pia inakataa. Hilo shimo moja limetoka wapi? Nimesimama hapo na matope kwa viatu, nikakusikia kabisa: "Umekosea vizuri."

Unakumbukwa na mimi mke wako Nzisa; watoto wako Mbithe na Kaloki; mama yako Kaveke, ambaye hadi leo anauliza kama umekula; ndugu zako wa Kitui na Makueni; na wote uliowafundisha. Ibada ya shukrani itakuwa hapa nyumbani Jumamosi. Gedion, yule mwanafunzi wako ambaye sasa naye anafundisha hesabu, ameahidi kuja mapema anionyeshe kwa nini zile zinazokataa haziishi. Nimemwambia uteo uko tayari, na ndengu za kupanga ni zile zilizobaki kwa jerikeni lako.

Mungu akupumzishe, Mwalimu. Nasi tutakukumbuka daima, kila Oktoba tukifungua gunia.