Mkaguzi wa Sebule

Mama yangu,

Siku ya khitma yako nilikuwa huku Doha, nimekaa kitandani katika kambi ya wafanyakazi, simu nimeiegemeza kwenye mto nikisikiliza dua. Tangu siku hiyo nazungumza nawe kimoyomoyo. Leo naandika, maana kuna jambo nimekubishia na hupo kunijibu.

Unaikumbuka nyumba yetu ya kupanga Tanga, vyumba vinatazamana ukumbini, kila mlango na pazia lake? Ulinituma chumvi kwa jirani, nikachungulia ndani. Ulinivuta sikio taratibu, ukasema, "Pazia la mtu ni ukuta. Unasimama, unapiga hodi, unatazama miguu yako." Mpaka leo nikipita mlangoni kwa mtu, macho yangu yanashuka yenyewe.

Adabu hiyo ilinifelisha mtihani.

Kampuni yangu ya matengenezo ilinitoa kwenye ulinzi wa geti, ikanipeleka kusomea ukaguzi wa nyumba. Unapita nyumba nzima kabla haijauzwa au kupangishwa, unatafuta nyufa, mabomba yanayovuja na nyaya mbovu, kisha unaandika ulichokiona. Leseni haitoki mpaka ukague nyumba ya watu mbele ya mtahini. Ukifeli mara mbili, unarudi getini.

Nyumba ya mtihani ilikuwa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Nilipima umeme, nikalala chali chini ya sinki. Nilipofungua chumba cha kulala nikaona mtandio wa mama mwenye nyumba juu ya kitanda. Nikarudi nyuma, nikafunga mlango.

Mtahini, Mkenya tunayemwita Injinia, alinitazama.

"Mbona umetoka?"

"Kuna nguo za mama mwenye nyumba."

"Na ukuta, umeuona ama hujauona?"

Sikuwa nimeuona.

"Basi ndugu yangu, umenikagulia sebule."

Kambini, Industrial Area, Juma ninayelala naye chumba kimoja alikwishapata habari kabla sijavua viatu. "Karibu, mkaguzi wa sebule. Jikoni walikuruhusu?" Nilicheka na wenzangu, kisha nikajifunika shuka. Sikutaka kurudi getini, mama. Kule nilikuwa nafungulia geti magari ya watu wasiojua hata jina langu.

Nikiwa nimelala hivyo nikaikumbuka kanga uliyoitundika nyuma ya kitanda chetu. Wageni walidhani ni pambo. Nyuma yake ukuta ulilowa, chokaa ikibanduka vipande vipande. Mwenye nyumba alipofuata kodi alisimama nje ya pazia kwa heshima, akapokea, akaenda zake. Hakuuona ukuta ule hata mara moja, nawe hukumwambia. Ulilala upande wa ukutani ili mimi nipate upande mkavu.

Adabu yako siitupi. Ila nimeona kwamba heshima ya kuishia mlangoni inaweza kumwacha mtu na unyevu wake. Hilo ndilo ninalokubishia.

Mara ya pili nilianza na mwenye nyumba. "Mama, nitaingia vyumba vyote. Ondoa usichotaka nikione, mimi nangoja." Nikangoja. Kisha nikaingia, nikasogeza kabati, nikapapasa ukuta kwa kiganja kabla ya kuweka kipimo cha unyevu. Injinia alinifuata chumba kwa chumba mpaka kwenye ngazi. "Sasa hiyo ni nyumba," akasema.

Leseni ninayo.

Jana nilikagua peke yangu kwa mara ya kwanza, mtaa wa Muaither. Bibi mwenye nyumba anataka kuiuza. Mwanawe alikaa sebuleni, yeye akasimama kwenye mlango wa chumba chake, akaniambia kwa Kiarabu kwamba huko hakuna tatizo, nisijisumbue. Kiarabu changu ni cha kazini, lakini kilitosha.

"Hajja," nikamwambia, "nitakungoja hata mpaka adhuhuri. Lakini siwezi kuandika kwamba chumba ni kizima na sijakiona."

Akaingia, akarudisha mlango, nikasikia droo zikifungwa moja baada ya nyingine. Halafu akaufungua mlango wote na kusogea pembeni.

Nikawasha tochi, nikaingia.

Lala salama, mama. Likizo ikitoka nitakuja kulisafisha kaburi lako kwa mikono yangu.

Kitindamimba wako,
Idi