Kuni za mpera za Mzee Kashindye

Julieth, naandika haraka, nisamehe nikikosea herufi.

Jana nilienda njia ya Ipole kutafuta kuni za mpera za kubanikia kuku wa walima. Mzee Kashindye alikuwa amekata mipera yake yote. Nikamwamkia, nikamuuliza kama kuni ni za bure. Akasema, "Chukua. Sitaki kuziona."

Leo kuku ishirini wako motoni, moshi unanukia vizuri, binti yake Sayi akanipigia.

"Dada, umeshaziwasha?"

Nikasema ndiyo.

"Zima moto. Baba aliimwagia ile mipera dawa ya wadudu wa tumbaku kwa sababu ya mchwa. Mbuzi watatu walikula majani, wote wamekufa."

Mbuzi watatu, Julieth. Na mimi nimeshaonja bawa.

Nikaomba niongee na baba yake. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu taratibu kabisa, "Uliniuliza kama ni za bure."

Hivyo tu. Uliniuliza kama ni za bure.

Kuku wote nimewafukia. Sijisikii vibaya bado, ila jirani yangu Mussa ananipeleka hospitali.

Sasa sikia. Kabla hajakata simu, mzee akasema mimi ni wa pili kuchukua hizo kuni. Juzi kuna mtu alijaza guta zima, akasema ana kibanda cha nyama choma huko Gongoni. Jina hakumuuliza.

Gongoni, hapo kwenu. Leo msile nyama choma, wewe wala watoto.

Nimekupigia mara tatu hupokei.

Julieth, mmekula nini mchana?