Saa Iliyokuja na Mbuzi

Nyeri, 8 Machi 1965

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Natumaini hamjambo, na mguu wa Mama umepata nafuu. Sisi wazima wa mwili tu. Mtoto anaota meno, halali, nami silali.

Baba, mume wangu amekamatwa. Ni ile saa ya dhahabu ambayo Ngatia alikuvisha mkononi siku ya mahari, mbele ya wazee. Kumbe ni ya wizi.

Aliinunua hapa mjini kwa mtu mwenye koti safi, aliyesema ni mpishi wa Mzungu wa upande wa Naro Moru. Eti Mzungu anauza shamba arudi kwao, na saa amempa badala ya mshahara. Nani angebisha siku hizi? Hata kitanda chako cha chuma ulikinunua kwa Mzungu aliyekuwa akihama. Ngatia hakudai risiti, maana mpishi na risiti wapi na wapi. Sasa mtu huyo ameshikwa Nanyuki na anawataja wote aliowauzia. Na Mzungu mwenyewe hakuwa anahama popote. Alikuwa kanisani nyumba yake ikivunjwa.

Polisi wanamuuliza Ngatia saa iko wapi, naye ananyamaza. Nilipompelekea chakula aliniambia, "Wachuka, mimi nipeleke polisi kwa boma ya mama mkwe? Heri nifungwe." Yeye anaona ni heshima, wao wanaona ni hatia. Tafadhali itume hiyo saa. Hajui kama nimekuandikia.

Mimi binti yako,
Wachuka

Kangema, 19 Machi 1965

Kwa Wachuka, uliyebeba jina la mama yangu,

Barua yako nimeipata. Hatujambo, ila mguu wa mama yako ni vile vile. Mvua imechelewa na majani chai ni haba.

Mama, barua hiyo sikuifurahia. Saa ilikuja pamoja na mbuzi na pombe ya wazee. Mzee Kingori na wenzake waliosimamia mahari waliiona kwa macho. Umesikia wapi kitu cha mahari kikiombwa kwa barua, tena na binti? Kikirudi hicho, mbuzi nao warudi, na wewe urudi na mtoto mgongoni. Si mimi niliyeweka hivyo. Kama wanaitaka, watu wa Ngatia waje tukae chini tuongee.

Tena nikwambie ukweli. Jumapili huivaa kanisani, na watu huniuliza ni saa ngapi hata wasipokuwa na haja ya kujua. Nikienda mkono mtupu niseme nini? Kwamba mzee wa kanisa alivishwa mali ya wizi na mkwe wake, naye akashukuru? Niache kwanza. Nimechoka.

Mimi baba yako

Nyeri, 27 Machi 1965

Kwa Baba,

Salamu. Mtoto amepata jino. Mengine ni yale yale.

Watu wa Ngatia ni akina nani? Unajua baba yake alifia kizuizini. Amebaki mjomba wake Wamae, kule Endarasha. Nilikwenda. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ati mimi niende Kangema niseme turudishiwe kitu tulitoa? Hiyo ni kuvunja nyumba yako. Siwezi." Akanipa kabichi, nikarudi nazo.

Kila mtu anailinda ndoa yangu, Baba, na mwenye ndoa yuko rumande.

Kazini kwa Ngatia wameshaandika karani mwingine mahali pake. Kesi itasikizwa tarehe 12 Aprili. Nimeambiwa saa ikiletwa, na aliyepewa aeleze aliipataje, hakimu huenda akaamini Ngatia alinunua bila kujua. Isipoletwa, ataonekana ameificha. Nasema kwa heshima, lakini nasema: kati ya saa na Ngatia, chagua. Hata mimi nimechoka.

Binti yako,
Wachuka

Nyeri, 3 Mei 1965

Kwa Baba mpendwa,

Natumaini mlifika salama, wewe na lile koti lako la kanisa. Hukunijibu barua, nikalia nikijua umekataa. Halafu nakuona unaingia mahakamani! Na hukungoja hata nikushike mkono, ukaondoka eti basi halingoji mtu. Asante, Baba. Sina neno kubwa kuliko hilo.

Nilidhani Ngatia akiachiliwa mambo yamekwisha. Hayajaisha. Ulipokuwa ukiifungua saa mkononi mbele ya hakimu nilimwona amefunika uso, na mpaka leo ni kama hajaufunua. Anakula peke yake. Anasema nimemvua nguo mbele yako, na kwamba hana miguu ya kukanyaga Kangema tena. Jana alizipanga nguo zangu sandukuni, za mtoto juu. Akasema, "Saa imerudi. Wewe pia rudi." Hakuwa na hasira hata kidogo. Angekuwa na hasira ningegombana naye.

Sitaki kumwacha, Baba. Lakini maneno hayo ni yako, uliniandikia wewe. Nije?

Binti yako,
Wachuka

Kangema, 10 Mei 1965

Kwa Wachuka, mama yangu,

Usije. Toa nguo sandukuni.

Niliyoandika ndiyo niliyofundishwa na baba yangu, na sisemi ni uongo. Lakini pale mahakamani, baada ya kushika Biblia, hakimu aliniuliza, "Huyu ni nani yako?" Nikajibu, "Ni mtoto wangu." Sikulipanga neno hilo, lilitoka lenyewe nilipomwona vile alivyokonda. Sasa nimeshaapa. Mtoto hadaiwi mbuzi, wala harudishiwi. Kingori ananung'unika huku, na kanisani sasa hawaniulizi saa, wananiangalia mkono tu. Waangalie.

Najua mzazi wa binti haendi kula kwa mkwe bila kualikwa kwa utaratibu wake. Jumamosi nakuja na mama yako, na mguu wake huo, tutakula. Ngatia akitaka kufunika uso, afunike, tutakaa naye hivyo hivyo.

Pika kilichopo. Na umwambie asininunulie kitu.

Mimi baba yenu