Hema la Fungate Yetu

Dada Zuleha mpenzi,

Shikamoo. Ndoa ni tamu kuliko ulivyonisimulia!

Farhan anataka twende Kiwangwa tukapige kambi wawili tu, masika haya haya. Hapa kwao tumetengwa na wifi zangu kwa pazia tu, dada, hata kucheka tunaogopa. Lakini mama mkwe aligoma: "Mkwe wangu hanyeshewi porini!"

Basi tukaazima mahema mawili, tukayajaribu uani. Jekundu, zuri hilo, lilivuja papo hapo. La pili kifuniko chake kinafika hadi chini. Tukajifungia ndani, mama mkwe akalimwagia ndoo nzima ya maji.

"Mmelowa?"

Akaita tena:

"Farhan! Mmelowa?"

Dada, tulikuwa wakavu kabisa, tunabusiana.

Mama mkwe akang'amua, akacheka. "Haya, nendeni huko Kiwangwa, mniache nifue!"

Mdogo wako mwenye raha zake,
Maulida